Yah: Ushauri wa Dirisha la Tatu

Ndugu Meneja,
nakuandikia kwa kalamu ya bluu
kwa sababu binti wa mapokezi kasema
malalamiko hayapokelewi kwa mdomo.
Basi na yasomwe.

Mimi ni Kalunde Mihayo, mkunga mstaafu,
wa Ipuli, nyumba ya bati la kijani,
ambayo nusu yake ni yangu
na nusu, sijui ni ipi, jiko au chumba cha wageni,
ni yenu.

Ilikuwa Novemba, miaka kumi na sita nyuma,
mvua ya kwanza imeshatoa kumbikumbi
na Tabora nzima inanuka udongo uliolowa.
Bwana Salvatory alinivutia kiti,
akauliza habari za wodi, akauliza mguu wa mama,
kisha akachora mstari kwenye karatasi:
"Hapa ulipo, Mama. Na hapa, kwako."
Mstari ulikuwa mfupi.
Nikadhani ndio umbali wenyewe.

Nilitaka miaka kumi. Akacheka, si kwa dharau.
"Kumi itakukaba. Chukua ishirini,
makato hutayasikia,
kama sindano ya mkunga mwenye mkono mwepesi."
Nami nilikuwa mkunga mwenye mkono mwepesi.
Nikacheka pia. Nikasaini.

Umri wangu aliuandika yeye, kwa mwandiko wake:
arobaini na nane.
Jumlisha ishirini, Ndugu Meneja.
Hesabu ya darasa la tatu.
Mtumishi hustaafu sitini,
hilo hata paka wa hospitali alilijua.
Ile minane iliyobaki
alidhani nitailipa kwa nini? Kwa kuzalisha mbuzi?

Akasema pia kwamba riba inatembea.
Sikuuliza inaelekea wapi.

Wiki iliyofuata nilimpelekea lita ya asali,
ya Sikonge, nyeusi, ya mzinga wa gome.
Akaipokea kwa mikono miwili.
Sisemi haya kumwaibisha.
Ila fomu yenu, kifungu cha saba, inauliza:
"Je, mteja aliridhika na huduma wakati huo?"
Ndiyo. Andikeni ndiyo.
Nani hamshukuru aliyemwonyesha njia
siku ile ile, kabla hajaitembea?

Kiinua mgongo kilipotoka
hakikuinua mgongo wa mtu.
Kiliingia kwenu sijakiona hata rangi,
na deni likabaki limekaa sebuleni
kama mgeni aliyesahau kwao.
Sasa ni pensheni, kila mwezi chovya, kila mwezi chovya,
nami naliona buyu linavyokuwa jepesi.

Mmenijibu kwamba faili limehamia makao makuu,
mfumo umebadilishwa,
Bwana Salvatory aliacha kazi zamani,
na je, nina shahidi?
Nilikuwa naye. Alikuwa ni yeye.

Huenda hakukusudia. Nimelifikiria hilo usiku,
mvua ikigonga hilo bati tunalomiliki pamoja.
Huenda naye alipewa karatasi na mtu wa juu yake,
akaambiwa: ishirini, waambie wote ishirini.
Huenda miaka kumi ingenikaba kweli.

Lakini nami nilikuwa mtu wa kushauri.
Wanawake walilala mbele yangu wakiniamini,
nikasema bado, nikasema sasa, nikasema subiri.
Mara mbili nilisema vibaya.
Mara zote mbili nilivaa viatu
nikaenda nyumbani kwao,
nikakaa kwenye mkeka, nikasema: nilikosea.
Mmoja alinifukuza. Haikunizuia kwenda kwa wa pili.

Kwa hiyo sianzi na fedha, ingawa fedha nazitaka.
Naanza na hivi: atumwe mtu,
yeyote, hata kijana aliyeajiriwa jana,
aje Ipuli na karatasi nyeupe
auchore tena ule mstari mbele yangu,
safari hii kwa urefu wake,
hata ikibidi aunganishe karatasi mpaka mlangoni.

Naambatisha stakabadhi mia moja tisini na mbili.
Asali sikuiorodhesha.
Ile nilitoa.

Wako,
K. Mihayo