Safu ya Nne

Kitabu cha kaunta kilikuwa na safu tano.
Nilizichora mwenyewe, rula ya mbao, wino wa buluu:
namba, jina, umri, kosa, hatua iliyochukuliwa.
Safu ya nne haikuruhusiwa kulala tupu.
Mkuu wa zamu alipenda kitabu kilichoshiba.

Usiku wa msako waliletwa kumi na mmoja
kutoka nyumba za wageni za juu ya Mwaloni,
nguo zinanuka moshi wa dagaa
na marashi yaliyonunuliwa na mtu mwingine.
Wa saba: Holo binti Masanja, miaka kumi na saba,
mzaliwa wa Nyakato, kidato cha pili, aliishia hapo.
Nikaandika: uzururaji.

Sikujua kwamba anaweza kusoma maandishi yaliyompindukia.
"Afande," akasema, "kisiwani nilifungiwa miezi minne.
Huku nimefungiwa siku tisa.
Mtu aliyefungiwa anazururaje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na safu.

Asubuhi, chini ya tangazo la DHAMANA NI BURE,
mwanamume wa shati lililonyooka akahesabu elfu hamsini,
akazikunja ndani ya gazeti la michezo.
Alimwita Holo mwanangu.
Holo alitazama sakafu, kisha akanitazama mimi,
na mimi nikatazama kalamu.
Safu ya tano: amekabidhiwa kwa ndugu.
Akatia sahihi. Mwandiko mzuri, wa mtu aliyesoma.

*

Miaka tisa. Sheria ikarekebishwa, waraka ukashuka,
tukaitwa ukumbini Ilemela kufundishwa kuuliza.
Mkufunzi alikuwa na chaki mkononi na kovu kidevuni.
Nilimjua kabla hajataja jina.

"Msiniulize kwa nini sikukimbia," alisema Holo.
"Pande zote palikuwa maji.
Ulizeni injini ya mtumbwi ni ya nani.
Ulizeni simu ipi ilipokea pesa kila Jumamosi.
Ulizeni nani alimwahidi mama yangu kazi ya kupika.
Nanyi," chaki ikakatika,
"ulizeni nani alinirudisha."

Hakunitaja. Ningependa angenitaja.

Jumatatu yake nilishuka stoo, nikapekua kati ya panya na makabrasha,
nikampelekea mwendesha mashtaka kile kitabu
kabla mtu mwingine hajakikumbuka.
Mahakamani kiliitwa Kielelezo P3.
"Huu ni mwandiko wako?"
"Ni wangu."
"Na neno hili, ndugu?"
"Niliandika bila kuuliza."
Mwanamume yule, shati bado limenyooka, alicheka kidogo.

Kesi imeahirishwa mara sita. Ya saba ni Alhamisi.
Holo huja na kopo lake la michembe na karanga,
maana kwenye benchi la mashahidi njaa haiahirishwi.
Juzi alinisogezea kopo bila kusema neno.
Nilichukua kipande.

*

Nisiwadanganye:
boti ya doria ina injini mpya na haina petroli,
nyumba salama ina vitanda sita na wasichana kumi na wanne,
na katika zamu yetu wamo wanaosema hawa wameshazoea.

Lakini kitabu kipya nimekichora mimi.
Safu ya nne inasema: nani alimleta, kutoka wapi.

Jana saa nane usiku kaja mmoja,
magugumaji yameng'ang'ania sketi, viatu hana.
Nikaweka kalamu chini. Nikachemsha chai.
Nikampa blanketi langu,
na mlango wa dawati nikauacha wazi
ili auone.

Alfajiri mkuu wa zamu akapitisha kidole kwenye mstari.
"Jina hamna, umri hamna. Hii nini, Koplo Bhoke?"

"Amelala, afande."