Sifuri Nukta Tisa

Ilikuja kwa simu, saa nne asubuhi,
nimeinamia fremu ya miwani,
bisibisi mkononi nyembamba kama mguu wa mbu.
Sifuri nukta tisa.
Na chini yake, kwa maandishi ya kijivu, kama anayenong'ona:
umri wa ovari, miaka arobaini na moja.

Mimi nina thelathini na moja.
Tulizaliwa siku moja, wodi moja, hapa hapa Daegu,
kisha zikatangulia bila kuniaga.
Sasa tukikutana niziamkieje?
Shikamoo, ovari?

Ni Boram aliyenitia hamu, jirani yangu wa meza karakanani.
Alisema amepima kama mtu anavyosema amekata nywele.
"Sindano moja, wiki moja, unajua."
Unajua.
Kabla ya kujua tulikuwa na daftari la kijani, mimi na Wonjae:
kwanza amana ya nyumba, vyumba viwili, karibu na kituo cha treni,
kisha harusi, ukumbi wa kukodi kwa saa moja,
wageni wakila huku wakitazama saa,
kisha, ukurasa wa mwisho, kwa penseli,
mtoto.
Hatukuwa wazembe. Tulikuwa na adabu ya mafundi:
hupachiki lenzi kabla fremu haijanyooka.

Daktari alivaa soksi za manjano.
"Hii ni idadi," alisema, "si ubora.
Haisemi utapata, haisemi utakosa.
Inasema ghala si kubwa."
Nikauliza: mwaka? Miaka miwili?
Akaitazama kalenda ya ukutani
kana kwamba na yeye aliwahi kuiuliza.
Kugandisha mayai kungekula robo ya amana yetu.

Nimelelewa nikiambiwa subira huvuta heri.
Hakuna aliyetaja
kwamba kamba ya kuvutia ina urefu wake.

Jioni nikamwonyesha Wonjae. Alisoma mara mbili,
tambi zikivimba bakulini.
"Tuoane Aprili," akasema,
haraka, kama mtu anayeziba bomba lililopasuka.
Nami, niliyesubiri neno hilo miaka minne,
nikakasirika hadi masikio yakawaka.
Nilitaka niposwe mimi,
si sifuri nukta tisa.
"Ingekuwa nne nukta mbili, ungesema Aprili?"
Wonjae hajui kudanganya, ndiyo maana nampenda,
ndiyo maana wakati mwingine simpendi.
"Hapana," alisema. "Ningesubiri."

Siku nane hatukuongea ila habari za takataka na kodi.
Siku ya tisa akaingia na bahasha,
hakuvua hata koti.
Alikuwa amekwenda kupima yake.
"Wavivu," akasema. "Theluthi wanazunguka palepale,
kama mimi nikitafuta maegesho."
Nilicheka, kisha sikucheka.
Miaka yote minne daftari lile
lilikuwa likihesabu mwili mmoja tu.

Mwaka mpya tulikula kwa bibi supu ya vipande vya mchele,
ile ambayo kila bakuli humwongezea mlaji mwaka.
Nilibakiza vipande vitatu, utoto tu.
Shangazi akauliza, harusi lini?
Bibi yeye hakuuliza. Alizaa sita asijue namba hata moja,
akazika wawili asijue sababu.
Simwonei wivu. Wala simhurumii.
Nilimwongezea supu.

Aprili ilipita. Ukumbi hatukuukodi.
Mwezi Juni, Jumanne, wakati wa mapumziko ya mchana,
tulitia sahihi ofisi ya wilaya,
karani akiwa bado anatafuna,
tukahamia chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta.
Mayai hatujagandisha. Amana tumeigusa kidogo.
Daftari tumelianza upya kwa swali moja:
tunamtaka, au tunaogopa mlango kufungwa?
Wonjae ameandika jibu lake akakunja ukurasa.
Langu bado.

Asubuhi hii nimekaza skrubu kwenye miwani ya mtoto,
rangi ya zambarau, mikono mifupi sana,
nikaishika mkononi zaidi ya inavyohitaji kazi.
Kisha nikatoa penseli mfukoni
nikaichonga.