Umbo la Tundu

Otxandio amerudi tena kutoka Azpeitia
na mfuko wa plastiki: kiini kimevunjika shingo,
mchanga unamwagika juu ya ankara yangu.
"Kalibu yako mbovu."

Mwezi Machi nilimwambia: kuta zikisimama wima
kiini hakitoki kizima. Nipe mteremko,
digrii moja na nusu tu.
Akaigonga karatasi kwa ukucha: mchoro ni mchoro.
Nikachonga wima. Barua yake ninayo, ina saini.

Simwonyeshi.

Naikaza kalibu mezani, nasubiri mashine ipate joto.
Mvua ya Elgoibar inagonga madirisha.
Kisu kinalamba alumini, unywele kwa unywele,
naye nyuma yangu anahesabu dakika.

"Garbiñe, haki iko wapi? Nikulipe
kwa umbo la tundu?"

Kwa umbo la tundu, ndiyo.
Chuma kikipoa kiini kitapondwa, kitamwagwa,
hakuna atakayekikumbuka,
na maji yatapita kwenye pampu yako
pale pale tulipogombania
digrii moja na nusu.

Naupuliza mchanga. Punguzo: sifuri.
Anatafuta kalamu, mfuko huu, mfuko ule.
Nampa yangu.