Ile ya Kati

Mwaka ule kabla uwindaji haujapigwa marufuku
Baba aliuza risasi Nakuru, duka la Bwana Ramniklal,
mlango wa tatu ukitoka stesheni ya reli,
naye hakuwahi kufyatua hata moja.
Kazi yake ilikuwa kuzihesabu.
Alizijua kwa uzito kiganjani, kama mkunga ajuavyo watoto:
huyu mtulivu, huyu kachelewa, huyu atasumbua.

Akaja Bwana Halvorsen wa Molo,
tope la zizi limegandia butini.
Alikuwa na kondoo mia nne wa sufu, wanaonuka mvua,
na alitaka kuvuka bahari
akamuue mmoja, wa pembe za kujikunja,
kwenye majabali ambako theluji haiondoki.
Hapo Baba alikuwa hapiti bila kurudia:
Mia nne! Halafu anapanda ndege!
Na Mama kucheka, mpaka mwiko uzame kwenye mrenda.

Basi Baba akatandika kitambaa cha kijani juu ya kaunta,
akasimamisha risasi tatu.

"Hii nene humkalisha nyati.
Lakini bunduki yake ni gogo, na huko mlimani
punda ni wewe mwenyewe.
Tena ina teke. Ukishaliogopa
utafumba jicho kabla hujavuta,
na aliyefumba jicho amekwisha kosa.

Hii nyembamba hukimbia kama umbeya wa Bondeni,
sasa hivi iko hapa, punde iko Gilgil,
ila upepo wa pembeni ukiigusa bega
inasahau ilikotumwa.

Hii ya kati, milimita saba,
haina makuu. Ukiituma inakwenda,
haisimami njiani kusalimia watu.

Na kwenye mteremko,
awe juu yako, awe chini yako,
risasi itapita juu ya pale ulipotazama.
Lenga chini kidogo.
Kidogo tu. Upana wa kiganja."

"Wewe uliwinda wapi?"
"Hapa," Baba akasema, akaigonga mizani.

Hakumwambia habari za usiku,
kibatari, orodha za bei, majedwali ya upepo,
kidole kikifuata tarakimu
kama cha nyanya yangu kwenye Zaburi.

Halvorsen akanunua makasha mawili ya ile ya kati,
akaacha chenji.
Hakurudi.
Wengine walisema aliuza shamba akahamia Australia,
wengine, aliteleza kulekule.
Marufuku ikaja. Rafu za baruti zikajaa
mbegu za mahindi na dawa ya kuogeshea kondoo.
Mizani haikuuliza kitu.
Kwenye mizani hiyo ndiko nilikojifunza kusoma:
nusu, robo, nusu ya robo.

Lakini kila upepo uliposhuka Menengai
na mabati yakaanza kusemezana,
Baba alitoka mlangoni, akalamba kidole, akakiinua.
"Wa pembeni," alisema. Kisha, taratibu:
"Sijui ilifika."

Miaka arobaini na kitu ya kutojua.

Mwaka jana, wodini, muuguzi aliandika
kilo arobaini na moja: Hezroni Amugune.
Nikamwinua kukaa, nikashangaa mkono wangu
ulivyokuwa umejiandaa kwa mtu mzito zaidi.
Akaniuliza, macho dirishani,
kana kwamba mimi ndiye niliyekwenda mlimani:
"Ilifika?"

Nilikuwa na majibu matatu.
Lile nene: Ilimwangusha palepale, Baba.
Lile jembamba: Hakuna ajuaye.
Nikayapima yote mawili, nikayarudisha kashani.

"Ilifika," nikasema, "ila ilimpita juu ya mgongo,
karibu sana, sufu ikatikisika.
Kondoo akainua kichwa, akatazama, akaenda zake."

Akanyamaza kitambo.
Kisha kifua kikaanza kutikisika, nami nikadhani ni kile kikohozi,
kumbe anacheka, mzee wangu, anacheka kwa hasira ya fundi:

"Nilimwambia alenge chini!"