Ngoma Iliyokula Chumvi

Huku Rimouski barabara humwagiwa chumvi miezi mitano,
na gari langu limekula chumvi nyingi kunishinda.
Mimi nina miaka sitini na miwili.
Lenyewe kumi na minne, na tayari limeota vipele mlangoni.

Mwezi wa Mei binti yangu Maude kaniletea rimu za mkono wa pili,
za alumini, spoku tano, zinameta kama vijiko vya harusi.
Zikafungwa. Nikarudi nyuma hatua sita nizitazame,
na kati ya spoku, kule nyuma,
ngoma ya breki ikanichungulia:
imebabuka, imevimba, hudhurungi,
kama mkate uliosahaulika jikoni
nyumba nzima ikishughulika na mapazia.

"Nani atalala chini akague kisigino cha gari lako, Ghislaine?"
Huyo ni Réjean, jirani, fundi mstaafu wa mabasi ya shule,
ameegemea ua na kikombe chake.
"Tena breki za nyuma! Kazi hufanywa na za mbele.
Hizo husindikiza tu."

Sikumjibu.
Nimefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na saba,
ghorofa ya chini, isiyo na dirisha.
Nikaenda kutafuta jeki.

Jumamosi, basi. Matofali kwenye magurudumu ya mbele,
stendi mbili, gazeti la juzi sakafuni.
Nati tatu zikatii. Ya nne ikatia ngumu;
nikapanda juu ya spana kwa miguu yote miwili,
mwanamke mzima, nikidunda kama mtoto kitandani,
mpaka ikalia kwii! na Réjean akajifanya hakuona.

Brashi ya waya. Barakoa puani.
Kutu haitoki kwa maneno.
Ilitoka kwa magamba, kisha kwa unga,
unga mwekundu uliojaa kwenye mistari ya viganja vyangu
hata ningeweza kusomewa bahati.
Nikaigonga kwa nyundo, polepole, pembeni.
Ikaitika,
sauti nzito, safi, iliyotoka mbali ndani yake,
na ndipo nikaelewa kwa nini inaitwa ngoma.

Niliigonga tena, bila sababu.
Nikakumbuka Februari ile karibu na Matane,
mbawala katikati ya njia,
Maude amelala kiti cha pembeni,
gari likatulia mkono mmoja tu kutoka pua ya mnyama.
Za mbele ndizo zilizosifiwa.

Nikaanza kubandika tepu. Réjean, ambaye hakuwa akitazama,
akapaza sauti: "Hapo rimu inapokalia usipake! Nati zitalegea!"
Kisha akaja na kitambaa na spiriti,
akapiga magoti, magoti yake yakalalamika,
akapangusa mwenyewe, kama mtu anayemwosha mtoto uso.

Rangi ilikuwa nyeusi, ya jiko la kuni, robo kopo.
Maude alitaka nyekundu, ya magari ya mashindano.
Nyekundu nimekwisha kuiona, nikamwambia.

Tukapaka mara ya kwanza.
Na mipopla ya mtaa wetu, kwa kuwa ni Juni,
ikaona huo ndio wakati wa kumwaga pamba yake.
Ikashuka nyeupe, bila haraka, ikatua pale pale.
Réjean akatukana kwa majina ya vyombo vyote vya kanisani.
Mimi nikaleta kibanio cha nyusi,
nikainyofoa uzi mmoja mmoja.
Mmoja ukanishinda. Nikapaka juu yake.

Jioni rimu zikarudi mahali pake.
Sasa ngoma haionekani,
yaani inaonekana, ila jicho linapita.
Ndivyo nilivyotaka.

Desemba lori la chumvi litakuja na taa yake ya njano.
Lije.
Ukitoa gurudumu la kushoto,
ukapitisha kidole karibu na ukingo, chini kidogo,
utaugusa ule uzi,
umelala ndani ya weusi.