Kilobaiti Nne

Bwana Rutger anataka programu ya viwanja vya gofu:
ukigusa kioo, ikuonyeshe vilivyo karibu nawe,
kwa mpangilio, kuanzia cha jirani hadi cha mbali.
Nikamwambia, kisiwani hiki orodha yako
ina mstari mmoja.
Akacheka. "Basi mstari huo uupambe."

Nikaupamba. Michenzani, ghorofa ya tano,
feni ikizunguka kwa hisani ya umeme,
boflo pembeni ya kompyuta, chai imeshafanya utando,
nikachora kibendera, kijani cha kupoza macho,
na ile nukta ya buluu inayopumua: wewe hapo.
Nikamtumia binamu yangu Faki, Wete, aijaribu.
Ikamjibu: kiwanja cha karibu, kilomita mia na kumi na nne,
kwa miguu, saa ishirini na tatu,
ikamchorea mstari mnyoofu kama uzi wa mwashi
kutoka barazani kwao, juu ya maji, hadi kaskazini ya Unguja.
Faki akaandika: "Iambie programu yako
miye si Nabii Musa."

Hilo nililirekebisha usiku uleule.

Lakini mashimo kumi na manane hayachoriki chumbani.
Lazima uyaendee, usimame kwa kila moja,
usubiri setilaiti zikubaliane, ubonyeze "hifadhi."
Nikaenda na ami Mcha, anayekata nyasi pale Mikadini
tangu nyasi zilipoletwa kwa kontena, zimekunjwa kama miswala.
Simu ikauliza kwanza, kama nilivyoifunza:
Je, unaruhusu programu hii ijue ulipo?
Ami akaisoma kwa kidole, neno kwa neno.
"Ala! Kumbe yenyewe huomba ruhusa?"
Akaitazama tena, kama mtoto mwenye adabu
aliyetoka nyumba usiyoitarajia.

Shimo la kwanza. Hifadhi.
"Hapa kwa Bi Riziki. Muhogo wake haukuhitaji nazi."
La nne. "Kisima. Maji yote ya Mikadini yalikuwa na chumvi,
haya hayakuwa."
La saba, bondeni: "Goli la upande wa kibla.
Jino hili," akafungua kinywa nione pengo,
"limo humu chini, mahali."
Mgeni mmoja akapita na kigari, akatupungia mkono;
tukampungia. Mpira wake ulikuwa umeangukia
jikoni kwa marehemu Mwanakheri.

La kumi na moja ami hakusema kitu.
Alivua makubadhi, akasimama pembeni ya kijani,
na mimi nikasubiri, na nukta ikasubiri,
duara lake likipungua: mita kumi na mbili, tisa, nne.
Nikabonyeza. Sikuuliza.

Usiku, kwenye sehemu ya maelezo, herufi mia mbili,
nikaandika alichotaka Bwana Rutger:
upepo wa bahari, mchanga wa kushoto uepukwe,
vinywaji baridi baada ya shimo la tisa.
Kisha nikafungua safu nyingine ndani ya hifadhidata,
isiyofika kwenye kioo cha mtu,
nikaiita jina_la_kwanza.
Kwa Bi Riziki. Kisimani. Goli la Kibla. Jikoni kwa Mwanakheri.
Ya kumi na moja niliiacha wazi
lakini si tupu: niliweka nafasi moja,
ile herufi isiyo na umbo,
kwa kuwa mashine hutofautisha
kimya na kutokuwapo.

Wiki ya pili Bwana Rutger akapiga simu, amefurahi,
rangi nzuri, mstari mmoja umependeza.
Ila faili limeongezeka uzito. Kidogo tu,
kilobaiti nne. Mbona?

Nikamwambia: ni fonti.