Jirani wa Kalunde

Nukta mia na kumi na mbili, Igalula.
Kila nukta kisima, kila kisima na kina chake
nilichokipima kwa kamba na jiwe mwezi wa Septemba,
miombo ikichipua wekundu bila kungoja mvua.

Naiambia kompyuta: unganisha kila kisima
na wenzake watatu walio karibu.
Inatupa nyuzi. Kioo kinakuwa utando
wa buibui aliyekuwa na haraka.

Sasa ona jambo hili.
Wa karibu kabisa kwa Kalunde ni Mhoja.
Wa karibu kabisa kwa Mhoja ni Nsimba.
Mshale unatoka kwa Kalunde, unafika,
haurudi.
Nimekagua mara mbili. Hakuna kosa.
Hesabu haijui kulipa fadhila.

Napaka rangi: buluu penye maji, kahawia pakavu.
Buluu inakaa na buluu, kahawia na kahawia,
kama wageni harusini, kila ukoo na mkeka wake,
isipokuwa nukta moja ya kahawia
katikati ya buluu, jino bovu.
Ni yeye.

Msimamizi anasema: kosa la kipimo, futa.
Sikufuta. Nilipanda pikipiki.

Mita mia moja na arobaini, ndivyo ramani ilivyosema,
kutoka kisima chake hadi cha Mhoja.
Haikutaja tuta la reli,
wala mwamba uliolala chini ya uwanja wake,
wala kesi ya mpaka ya baba zao
iliyoanza yeye akiwa bado mgongoni.
Nilimkuta Kalunde akirudi na ndoo
kutoka kwa Nyamizi, kilomita mbili na nusu,
mwanamke ambaye katika orodha yangu
ni jirani yake wa kumi na tisa.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," nikamtania.
Akatua ndoo, akajifuta shingo.
"Na ya karibu imeshikwa na nani?"

Nimeichapa ramani. Juu ya nyuzi za mashine
nimechora kwa kalamu nyekundu mstari mmoja mrefu,
umepinda, unazungukia kivuko cha reli,
unawapita wale kumi na wanane bila kuwapigia hodi.
Umeharibu mchoro.
Msimamizi atauliza nimefuata kanuni gani.

Pembeni nimeandika: ndoo, lita ishirini.
Kwenda, mkononi, tupu.
Kurudi, kichwani.